Manifesto ya mgombea wa wadi: ahadi ipi iko ndani ya uwezo wake?

Kampeni za wadi zikishika kasi, watu huniletea manifesto na swali lile lile: huyu anaweza kweli? Kazi yangu ni kuchambua bajeti za kaunti, na jibu langu haliangalii sura ya mgombea, chama chake wala ukubwa wa msafara wake. Nachukua kila ahadi nauliza: ni sheria gani itakayompa nguvu ya kuitimiza?

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya 2012 kinamtaka mwakilishi wadi awe karibu na wapiga kura, apeleke maoni yao katika bunge la kaunti, na ahudhurie vikao vya bunge na kamati zake. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujihusisha, waziwazi au kwa mlango wa nyuma, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kwa maneno mengine, mwakilishi wadi hajengi barabara. Anapiga kura kuhusu barabara ipi ijengwe, kisha anamhoji aliyepewa fedha za kuijenga. Nguvu hiyo si haba, ila iko mahali tofauti na pale wagombea wengi wanapoielekeza wanaposimama juu ya gari la kampeni.

Tuanze na kodi, maana ndiyo ahadi rahisi kutoa. Ibara ya 209 ya Katiba inaitajia kaunti kodi mbili kwa jina, kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani. Nyingine yoyote lazima iidhinishwe na sheria iliyopitishwa na Bunge la kitaifa. Zilizobaki ni ada za huduma: kibali cha biashara, ada ya soko, maegesho, leseni za baa. Mgombea anayeahidi kupunguza bei ya mafuta ya petroli au kodi ya ongezeko la thamani kwenye unga anaomba kazi ya mtu mwingine. Mwulize tu: wewe unagombea ubunge au uwakilishi wadi?

Anayeahidi kufuta ada ya soko yuko ndani ya uwanja wake, lakini kazi yake bado. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Na sheria ikiruhusu msamaha, kila msamaha uwekewe kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Huwezi kusamehe kwa tamko la mkutano wa hadhara. Mlango ni mmoja, Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaopanga kodi na ada zake, na manifesto isiyoutaja inaongea hewani.

Kisha njoo kwenye hesabu. Chukulia soko lenye wachuuzi 200, kila mmoja akilipa shilingi 50 kwa siku, siku sita za wiki. Hizo ni shilingi 10,000 kwa siku, na kwa mwaka mzima ni shilingi 3,120,000. Ukizifuta, nani atafagia soko, nani atazoa taka, maji ya choo yatalipiwa na nani? Mgombea makini huwa na jibu. Pengine atasema kaunti inapoteza zaidi ya hizo kwa wachuuzi wanaolipa bila kupewa risiti, na kwamba atalidai jedwali la makusanyo ya kila soko lisomwe bungeni kila robo ya mwaka. Jibu kama hilo naliheshimu, kwa sababu linaonyesha mtu aliyekwenda sokoni akauliza kabla ya kuahidi.

Wapo wanaodhani Mswada wa Fedha ni shughuli ya makarani. Wakumbushwe Kiambu. Kaunti hiyo ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013, na Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ushuru ilianguka kwa sababu wenye kulipa hawakuulizwa. Ndiyo maana katika manifesto natafuta sentensi inayoeleza mgombea ataitisha wapi mikutano ya wadi kuhusu ada, lini, na jinsi atakavyorudi kuwaambia watu ni lipi lililokubaliwa na lipi lililokataliwa.

Nikija kwenye bajeti yenyewe, naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo wananchi wanapochezewa zaidi, mara nyingi bila hata mwakilishi wao kujua.

Nimeketi katika vikao vingi vya ushirikishi wa umma vinavyofanyika karibu na mwisho wa mwaka wa fedha. Ukumbi unajaa, viti vya plastiki vimepangwa, maafisa wameketi mbele na makaratasi yao. Mama mmoja anasimama kueleza kwamba mvua ikinyesha watoto wa chekechea hawawezi kuvuka mto, wanahitaji kivuko. Watu wanapiga makofi. Afisa anaandika. Mwakilishi wadi anaahidi kulifuatilia. Halafu hakuna kinachotokea, na mama yule anarudi nyumbani akiamini kwamba amedharauliwa.

Chanzo cha yote hayo ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, takriban miezi kumi kabla ya mwaka unaopangiwa kuanza. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaoweka ukomo wa matumizi ya kila idara, unafika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yanafuata kufikia Aprili 30. Na kanuni za 2015 zinaweka kizuizi ambacho wapiga kura wengi hawajawahi kusikia: bunge likibadilisha makadirio, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Ikiwa idara ya barabara imewekewa shilingi milioni 800, wawakilishi wote kwa pamoja wanaweza kuisogeza kwa milioni 8 tu. Gawanya hizo kwa wadi zote uone zinafika wapi.

Kwa hiyo kivuko cha mama yule hupatikana Septemba na Februari. Kufikia Juni kimeshaingia au kimeshapotea. Mwakilishi anayengoja msimu wa bajeti kusomwa ndipo apaze sauti anafika mezani sahani zimeshaoshwa. Mgombea akiniambia, "Mradi huu nitauingiza katika mpango wa maendeleo wa mwaka, na nitakaa katika kamati itakayojadili ukomo wa idara ya barabara," naketi chini nimsikilize, hata kama sikubaliani na chama chake.

Jambo jingine ni idadi ya kura. Nairobi ina wadi 85, Lamu ina 10. Kura moja kati ya 10 na kura moja kati ya 85, mbali na wanaoteuliwa, hazina uzito mmoja, na ahadi ya "nitahakikisha" inapaswa kusomwa kwa mizani hiyo. Mgombea mzuri hutaja wadi jirani zenye shida kama yake, zile zinazotumia barabara hiyo hiyo au mto huo huo, kwa sababu bila hao hana wingi.

Sasa usalama. Hii ndiyo sehemu inayoniumiza, kwa kuwa hofu ya watu ni ya kweli na ahadi zinazotolewa mara nyingi hazina msingi. "Nitamhamisha mkuu wa kituo." "Nitaleta polisi zaidi." Huduma ya polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Ibara ya 245 inakwenda mbali zaidi: hakuna mtu anayeruhusiwa kumwamuru Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, kuhusu kumchukulia hatua mtu fulani, wala kuhusu kuajiri, kupangia kazi, kupandisha cheo au kumfuta afisa yeyote. Hata waziri wa usalama wa ndani amefungwa na maneno hayo, sembuse mwakilishi wadi.

Je, hana lolote? Analo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Wamo wakuu wa polisi wa kaunti, wawakilishi wadi wawili wanaopendekezwa na bunge la kaunti, na raia wasiopungua sita kutoka makundi kama wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na dini. Kazi yao ni kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kukuza ushirikiano kati ya polisi na jamii. Mwulize mgombea: mamlaka hii imewahi kuketi katika kaunti yetu? Kumbukumbu za vikao ziko wapi? Asiyejua kwamba ipo hana mpango wa polisi, ana hasira tu.

Halafu kuna yale yaliyo mikononi mwa kaunti kabisa, ambayo kwa maoni yangu hupunguza uhalifu wa mtaani kuliko gari moja zaidi la doria. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti taa za barabarani, leseni za pombe, masoko na uchukuzi wa ndani ya kaunti. Chukua ile taa ndefu ya mulika mwizi pale kituo cha matatu. Kuisimamisha ni fedha za maendeleo: mkandarasi, uzinduzi, picha, jina la kiongozi kwenye bango. Kuiwasha kila usiku ni fedha za matumizi ya kawaida, bili ya umeme na fundi wa kubadilisha balbu, na kwa hizo hakuna anayekata utepe. Ndiyo maana kuna mlingoti mrefu uliosimama gizani huku wanawake wakitoka sokoni saa mbili usiku wakitembea kwa tochi za simu. Manifesto inayoahidi taa kumi mpya bila kutaja bili ya zile zilizopo inaahidi milingoti. Naye mgombea anayesema atakagua leseni za baa zilizobanana na shule na nyumba za watu anagusa usalama kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwomba Inspekta Jenerali ruhusa.

Na kanjo, je? Kwa mchuuzi, mtu mwenye sare anayemwogopa zaidi kila asubuhi ni askari wa kaunti. Huyu si polisi. Anafanya kazi chini ya sheria za kaunti, na sheria za kaunti hutungwa na wawakilishi wadi. Kwa hiyo tunaweza kumbana mgombea kwa maswali ya karibu kabisa. Askari akichukua kikapu cha nyanya, ataandika orodha ya alichochukua? Atampa mwenye mali nakala? Bidhaa inayooza itawekwa wapi, na kwa siku ngapi? Faini ni kiasi gani, na inalipwa wapi ili isilipwe mfukoni mwa mtu? Je, sare ina namba inayosomeka? Yote haya yanaweza kuandikwa katika mswada mmoja mfupi, na mwakilishi mmoja ana haki ya kuuwasilisha. Nimesoma manifesto nyingi zinazolaani kanjo. Natamani kusoma moja yenye mswada huo umeambatishwa nyuma.

Kuhusu huduma nyingine nitasema machache. Afya ya kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, usafi na zimamoto ni kazi za kaunti, dai bila haya. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, na ndiyo sababu suala la basari za kaunti limeleta mvutano hadi mahakamani baada ya Msimamizi wa Bajeti, mapema 2025, kusisitiza kwamba kaunti zinahitaji makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kuzitoa. Mgombea anayejenga kampeni nzima juu ya basari aulizwe kama amelifuatilia hilo. Na anayeahidi kuajiri wauguzi wengi aulizwe kuhusu kanuni inayotaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Wauguzi tunawahitaji sana, mimi sibishi. Ila lazima aseme ni cheo gani cha ofisini kitakachopungua ili muuguzi apatikane zahanati.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha 2028/29 unatakiwa bungeni kufikia Septemba 1, 2027, wiki tatu baadaye, na mpango mkuu wa miaka mitano wa kila kaunti utakuwa unaandikwa upya. Mswada wa Fedha nao unapaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge kuidhinisha matumizi, na hizo zikihesabiwa kutoka mwisho wa Juni zinaangukia Septemba hiyo hiyo, bunge jipya likiwa bado linaunda kamati zake. Atakayeshinda wadi yenu hatapata muda wa kujifunza kwanza. Akija kuomba kura, mwombeni awaonyeshe orodha ya miradi ya wadi ambayo ataipeleka kwenye mpango wa Septemba, kwa maandishi, ikiwa na makadirio ya gharama, nanyi mbaki na nakala.