Lakini si tuko na kufuli?

Jumanne iliyopita nililisikia tena. Nilikuwa nimeketi katika ofisi ya kampuni moja ya safari hapa Kisumu, orofa ya pili, feni ikizunguka bila kuleta upepo wa maana, nikimweleza mkurugenzi kwa nini nataka siku tatu za kazi kwenye tovuti yake. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akaigeuza laptop inielekee, akaweka kidole kwenye skrini, juu ya kijipicha cha kufuli kilicho kando ya anwani, akasema, "Lakini fundi, si tuko na kufuli?"

Madam, chai yako ilikuwa tamu na mandazi pia. Ila hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka huu kuulizwa swali hilo, na mara ya nne nikameza jibu nililotaka kutoa. Leo silimezi.

Kufuli hilo (yeye anatumia kivinjari cha Firefox, ndiyo maana bado analiona) lina kazi moja. Linasema kwamba kati ya kivinjari cha mgeni na seva yako (kompyuta inayohifadhi tovuti), data inasafiri ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa isisomeke, na kwamba seva hiyo kweli ni ya anwani iliyoandikwa pale juu. Aliyekaa na mgeni kwenye Wi-Fi ya uwanja wa ndege hawezi kusoma anachoandika. Basi. Halisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Halisemi data ikifika itawekwa wapi, itaonwa na nani, itakaa miaka mingapi.

Samaki akitoka ufuo wa Dunga ndani ya kasha la barafu mpaka hotelini, barafu imemaliza kazi yake. Mpishi akimwacha juu ya meza mpaka jioni, utailaumu barafu?

Cheti chenyewe kinachokupa hilo kufuli ni cha bure tangu shirika la Let's Encrypt walipofungulia umma mwishoni mwa 2015. Nakiweka kwa dakika tano, huku nikijibu meseji. Tapeli naye anakiweka kwa dakika hizo hizo, ndiyo maana tovuti feki za kuuza safari zina kufuli zuri kabisa. Hata Google walichoka: Septemba 2023 waliling'oa kwenye kivinjari chao cha Chrome wakaweka alama ya vitufe vya mipangilio, kwa sababu watu walilisoma kama "tovuti hii ni salama" wakati halijawahi kumaanisha hivyo.

Sasa tufuate fomu moja. Mama wa Uholanzi anataka siku tano na familia yake: msitu wa Kakamega, mbuga ya Ruma, kisha wavuke kisiwa cha Rusinga. Fomu inamuuliza majina, simu, barua pepe, nambari ya pasipoti, umri wa watoto, nani apigiwe kukitokea jambo, kuna mwenye ugonjwa, kuna asichokula. Tangu serikali ilete eTA, kibali cha kuingia nchini kinachoombwa mtandaoni, mnamo Januari 2024, kampuni nyingi pia humsaidia mgeni kuijaza, kwa hiyo fomu inamwomba apakie picha ya pasipoti. Anabonyeza "Tuma". Kufuli linafanya kazi yake kwa chini ya sekunde moja, kisha linakwenda kulala.

Kuanzia hapo, fomu inajiandika kwenye hifadhidata ya tovuti. Papo hapo inajituma nzima nzima, pasipoti ikiwemo, kwenye barua pepe ya ofisi. Barua pepe hiyo imefunguliwa kwenye simu za watu watatu, na mmoja wao aliacha kazi tangu Krismasi, lakini nani alikumbuka kubadilisha paswadi? Dada wa mapokezi ananakili maelezo kwenye Excel. Anapiga picha ya Excel, kwa simu yake mwenyewe, anaitupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha madereva. Dereva anaomba ichapishwe, kwa sababu betri yake haifiki Mbita.

Karatasi hiyo nayo ina safari yake. Mwaka juzi nilinunua njugu karanga karibu na stendi, nikamaliza kula nikakunjua karatasi kwa mazoea ya mtu anayesoma kila kitu. Ilikuwa ukurasa wa pili wa maombi ya safari ya kampuni fulani. Jina kamili, nambari ya pasipoti, na mstari unaosema anatumia insulini. Mafuta ya njugu yalikuwa yamefuta tarehe ya kuzaliwa peke yake. Karatasi za ofisi huuzwa kwa kilo, sote tunajua. Hakuna kufuli la kivinjari litakalofika kwa muuza njugu.

Tatizo jingine liko ndani ya tovuti yenyewe, na hapa ndipo hasira yangu inapanda. Nikiwa bado nimeketi mbele ya Madam, nilifungua folda ambamo WordPress, programu inayoendesha tovuti yake, huweka kila kinachopakiwa. Sikuingia kama msimamizi. Niliandika tu anwani ya folda kwenye kivinjari, kwenye dirisha la faragha, bila paswadi. Ikafunguka: mwaka, mwezi, halafu orodha ndefu ya mafaili kwa herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe. passport.jpg. passport-1.jpg. passport-2.jpg. Nikabonyeza ya kwanza. Ilikuwa pasipoti ya Madam mwenyewe, aliyoipakia siku fomu ilipokuwa inajaribiwa. Na juu kabisa, kando ya anwani, kufuli lilikuwa palepale linatutazama.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza nani mwingine anaweza kuona hiyo. Nikamwambia ukweli: yeyote mwenye intaneti, na roboti za Google pia zikiipata njia. Kosa lilikuwa la aliyetengeneza fomu na la seva iliyoachwa ionyeshe orodha ya folda. Kuzima orodha hiyo ni mstari mmoja kwenye mipangilio. Kuhamisha picha mahali pasipofikika kwa kivinjari ni nusu siku. Kujua ni nani aliyekwisha kuziona katika muda wote huo, hapo nilimwambia asitarajie muujiza. Seva yake huweka kumbukumbu za siku 30 kisha inazifuta.

Kuna jibu jingine ninalopewa na mafundi wenzangu, na linaniudhi kuliko la kufuli: "Sisi tumesimba hifadhidata yote." Vizuri. Ufunguo uko wapi? Kwenye faili la mipangilio, ndani ya seva ile ile. Hiyo inasaidia bakapu (nakala ya akiba) ya hifadhidata ikivuja peke yake, bila ufunguo. Haisaidii chochote mwizi akiingia kupitia plagini (programu ndogo ya nyongeza) ambayo haijasasishwa tangu 2021, kwa maana anaingia kama tovuti yenyewe, na tovuti inajua kusoma data yake. Umefunga mlango ukaning'iniza ufunguo kwenye kitasa. Paswadi ni hadithi nyingine, hizo hazisimbwi bali husagwa kwa namna isiyorudishika, na tovuti ikiwahi kukutumia paswadi yako ya zamani kama ulivyoiandika, kimbia.

Malipo nayapitia haraka kwa sababu ndiyo sehemu yenye nafuu. Kwa M-Pesa, ombi linatokea kwenye simu ya mteja, PIN anaiandika huko huko, kwetu haipiti. Kadi zinapitia kampuni ya malipo. Sisi tunapata jibu tu kwamba pesa zimelipwa. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, kanuni za kampuni za kadi zinakataza kabisa kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa. Halafu unakuta hoteli inamwomba mgeni apige picha ya kadi mbele na nyuma aitume WhatsApp. Nani alitufundisha haya mambo?

Anayedhani haya ni ya kampuni ndogo za huku kwetu peke yake akumbuke British Airways mwaka 2018. Wezi walichomeka mistari michache ya msimbo kwenye tovuti, ikawa inanakili kadi ya abiria ndani ya kivinjari chake mwenyewe, kabla haijasimbwa, na kuituma kwenye tovuti yao. Zaidi ya watu 400,000 waliguswa. Msimamizi wa data wa Uingereza akawatoza faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Kufuli lilikuwepo muda wote. Tovuti ya wezi nayo ilikuwa na cheti chake. Mwaka huo huo wa 2018 hoteli za Marriott wakatangaza uvamizi ulioanza tangu 2014, na ndani yake mlikuwa na nambari za pasipoti zaidi ya milioni tano ambazo hazikusimbwa hata kidogo.

Kuhusu sheria, nasikia sana kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni ya mabenki na Safaricom. Hapana. Kanuni za 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wadogo kujisajili kwa Kamishna wa Data, yaani walio na mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini biashara za ukarimu kwa wageni hazimo kwenye msamaha huo hata zikiwa ndogo. Na hata aliyesamehewa kujisajili hajasamehewa kulinda. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 kumjulisha Kamishna. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo.

Kinachowashangaza wengi ni orodha ya data nyeti. Ugonjwa, sawa, kila mtu anautarajia. Lakini sheria yetu imetaja pia maelezo ya familia, pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa. Maana yake fomu ya kawaida kabisa ya safari ya familia, ile yenye mstari wa "majina na umri wa watoto", imejaa data nyeti kabla hujauliza habari ya insulini. Nilipomwonyesha Madam kifungu hicho aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Ninayo.

Sasa yale yasiyoniacha nilale vizuri. Ninapofuta picha ya pasipoti kwenye tovuti, bado imo kwenye bakapu ya wiki jana na ya mwezi jana. Nasubiri bakapu zife zenyewe baada ya siku 90, na hapo katikati, nikimwandikia mgeni "tumefuta", ninasema nusu ya ukweli. Siku hizi naandika sentensi ndefu zaidi, ambayo bila shaka haisomi. Risiti tunaziweka miaka 5 kwa ajili ya mamlaka ya kodi, KRA, hilo halina mjadala. Picha ya pasipoti nimeamua ifutwe siku 30 baada ya safari kuisha. Kwa nini 30? Nimeitoa kichwani. Kisanduku cha "nimekubali" nacho, mimi mwenyewe hukibofya kwenye tovuti za watu bila kusoma, kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba yule mama wa Uholanzi amekubali chochote kwa moyo wake.

Siku tatu nilizipata. Barua pepe ya ofisi sasa inapokea ujumbe mfupi tu, "kuna ombi jipya, ingia uone", bila pasipoti ndani yake. Paswadi imebadilishwa, na kila mmoja ana yake. Folda imefungwa. Data ya zamani tumeifuta, baada ya ubishi mrefu, kwa kuwa Madam alihisi anatupa mali. Kikundi cha WhatsApp cha madereva sasa kinapata jina la kwanza, saa na mahali pa kuchukua wageni.

Ijumaa akanipigia. "Fundi, dereva wangu anauliza. Kuna mgeni akila samaki midomo inavimba mpaka anashindwa kupumua. Kesho wanakula chakula cha mchana ufuoni. Umetoa hiyo kwenye kikundi. Atajuaje?"

Nilikaa kimya nikiwa na simu sikioni, kwa sababu hilo halikuwa swali la kompyuta. Nikamwambia ampigie dereva na amwambie kwa mdomo, na amwambie mpishi pia.

"Na akisahau?"

Nikamwambia amwandikie dereva peke yake, na aifute wageni wakisharudi. Akasema sawa, ila nimwekee kitu cha kumkumbusha kufuta. Bado nakitengeneza.