Maradhi ya Uzeeni Si Kipimo cha Imani

Hivi karibuni niliingia katika chumba cha mama mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, na kabla sijafungua Biblia nikamkuta mgeni aliyenitangulia amemwinamia akimwambia, "Mama, ukiamini kwa dhati, leo hii utasimama." Mama yule hakuwa na uwezo wa kujibu, kwa maana ulimi wake ulikuwa umeshakuwa mzito, lakini machozi yalimtoka. Kwa miaka yote niliyowatembelea wagonjwa na wazee, kauli hiyo nimeisikia kwa maneno mbalimbali, kutoka kwa waimbaji, kwa wazee wa kanisa na hata kwa wachungaji wenzangu, na sasa nimechoka kuinyamazia. Inasemwa kwa nia njema, nalijua hilo, lakini nia njema haiondoi jeraha linaloachwa moyoni mwa mtu asiyeweza hata kujigeuza kitandani.

Dhana yenyewe ni kwamba mwenye imani timilifu huzeeka na afya yake, na kwamba akilemewa na maradhi, ipo dhambi iliyofichwa au imani iliyopungua. Wanaoitetea huwataja Musa, aliyekufa akiwa na miaka 120 na macho yake hayajapofuka, na Kalebu, aliyesema akiwa na miaka 85 kwamba nguvu zake za vita zilikuwa zilezile za siku alipotumwa na Musa kuipeleleza nchi. Ni kweli, mambo hayo yameandikwa. Ila yameandikwa kwa sababu hayakuwa ya kawaida, na Biblia hiyohiyo haikuwaficha wengine. Isaka alizeeka macho yake yakapoteza nuru hata asiweze kumtambua mwanawe aliyesimama mbele yake. Yakobo naye macho yake yalikuwa mazito kwa uzee, na Waraka kwa Waebrania unaposifu imani yake unachagua siku zake za mwisho, alipowabariki wana wa Yusufu na kuabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake. Ningependa wanaohubiri afya kwa wazee waitazame fimbo hiyo kwa muda kabla hawajaendelea na mahubiri yao.

Zaidi ya hao yupo Elisha, nabii ambaye kwa neno lake Naamani alitakaswa ukoma. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 13, kinasema waziwazi kwamba Elisha aliugua ugonjwa ambao ndio uliomwua, wala hakimlaumu kwa neno hata moja. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwili wake, naye akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mtume huyohuyo alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, huko Mileto akiwa mgonjwa. Iwapo kupona hutegemea ukubwa wa imani pekee, basi ni lazima tuseme kwamba Elisha, Paulo na Trofimo walikuwa na imani haba kuliko sisi, na sijakutana bado na mtu aliye tayari kulisema hilo kwa sauti.

Swali la dhambi iliyofichwa nalo lilikwisha kujibiwa zamani. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa milango yote miwili ya swali lao. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na hiyo ndiyo huduma njema waliyompa. Walipofumbua vinywa vyao wakaanza kumtafutia kosa, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa habari zake kama Ayubu alivyonena. Anayemwuliza mgonjwa "umekosea wapi?" hana budi kufahamu kwamba amekaa kwenye kiti cha Elifazi, mmoja wa rafiki hao.

Sura ya 11 ya Waebrania ndiyo ninayoisoma mara nyingi zaidi na familia zinazosumbuliwa na dhana hii, kwa kuwa watu wengi huisoma nusu. Katika mstari wa 34 wapo waliookoka makali ya upanga kwa imani, na mistari mitatu tu baadaye wapo waliouawa kwa upanga. Kisha mwandishi anasema kwamba hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Upanga ni uleule na imani ni ileile, ila mmoja aliokoka na mwingine akafa. Basi imani si nguvu ya kuyaamuru mambo yawe tunavyotaka, bali ni kumshika Mungu, na kushikwa naye, mambo yakiwa vyovyote yatakavyokuwa. Tunaomba uponyaji, tena tunaomba kwa bidii kama Yakobo wa Agano Jipya alivyoagiza katika waraka wake, wazee wa kanisa wakimpaka mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana. Tunachokataa ni kumgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa pale ambapo mwili haujabadilika. Nimeona matunda ya mashtaka hayo. Mzee huanza kuyaficha maumivu yake mbele ya wageni, huchimbua makosa ya ujana wake aliyokwisha kuyatubu, na wakati anapouhitaji zaidi ushirika wa waumini ndipo anapouogopa.

Dhana nyingine sitazikalia sana. Wengi husema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, wakitegemea 1 Wakorintho 10:13, ilhali Paulo pale anazungumzia majaribu na mlango wa kutokea, baada ya kuonya juu ya ibada ya sanamu na uzinzi. Kuhusu mizigo alisema kinyume chake: kule Asia walilemewa "mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi", ili wasijitumainie nafsi zao bali Mungu awafufuaye wafu. Mzee aliyezidiwa ana haki ya kusema kwamba amezidiwa.

Wapo pia wanaoona dawa kuwa usaliti wa imani, nao humtaja Mfalme Asa, aliyeugua miguu katika uzee wake akawatafuta waganga wala asimtafute Bwana. Kosa lake ni hilo la mwisho, kumwacha Bwana. Paulo alisafiri na Luka, tabibu mpendwa, na alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Nawasihi: msimzuie mzee kumeza dawa zake za shinikizo la damu au za kisukari kwa jina la imani.

Na kulalamika? Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo sifa wala shukrani katika mistari yake ya mwisho, nayo imo katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu. Anayelia mbele za Mungu bado anazungumza naye.

Limebaki jambo ambalo watoto huniuliza kwa sauti ya chini nikiwa naondoka: baba amesahau majina yetu, amesahau hata Sala ya Bwana, je, amemsahau Mungu, na Mungu atamhesabuje? Hudhani kwamba wokovu unakaa kwenye kumbukumbu, hivyo kumbukumbu ikifa wokovu nao umetoweka. Isaya sura ya 46 inaanza na miungu ya Babeli, Beli na Nebo, wakipakiwa juu ya wanyama waliochoka, mizigo inayobebwa na wale walioiabudu. Mungu wa Israeli anajitofautisha nao kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyewabeba watu wake tangu tumboni, na kwamba hata wakiwa na mvi ataendelea kuwachukua. Mtoto mchanga hamjui anayembeba, wala hilo halilegezi mikono iliyomshika. Baba yako hamkumbuki Mungu kwa sasa. Mungu anamkumbuka baba yako.

Kwa hiyo usimfanyie mtihani kila unapomtembelea, ukimwuliza kama anakujua au kama bado anaamini. Jitambulishe kwa jina, keti upande ambao anasikia vizuri, mshike mkono, kisha msomee Zaburi ya 71 polepole, katika tafsiri aliyoizoea tangu ujana wake, pasipo mahubiri. Ukifika mstari wa tisa, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache," nyamaza kidogo. Mara kadhaa nimeona midomo iliyokaa kimya kwa siku nyingi ikianza kuyafuata maneno hayo. Na pale ambapo haikufuata, nimeyasema mimi kwa niaba yake.