Transition: jarida lililojengwa na ugomvi

Wanaokuja maktabani kuomba matoleo ya zamani ya jarida la Transition huuliza karibu wote jambo moja: lilikuwa likiuza nakala ngapi? Swali si baya, ila halifiki mbali. Jarida la fasihi laweza kuuza nakala za kuhesabika na bado likabaki midomoni mwa watu kwa miaka 60. Mimi huwaambia waanze na kurasa za barua kwa mhariri.

Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961. Alikuwa mzaliwa wa mji huohuo, kijana mwenye asili ya Kihindi, na Uganda yenyewe ilikuwa haijapata uhuru. Ndani ya jalada moja aliweka mashairi, hadithi, siasa na ubishi, tena bila kumwonea mtu haya. Ubishi huo ndio uliolipatia jarida jina.

Chukua toleo la 10, la mwaka 1963. Humo Obi Wali, Mnigeria, ana makala ya kurasa 3 tu. Hoja yake: fasihi ya Kiafrika ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, basi imeingia kichochoro kisicho na pa kutokea. Alikuwa akilijibu kongamano la waandishi lililofanyika Makerere Juni 1962, lililowaita wanaoandika kwa Kiingereza peke yao. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwanafunzi aliyekuwa na hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, aliingia ukumbini. Shaaban Robert, pamoja na mashairi, insha na riwaya zake zote, hakuhesabika, kwa kuwa lugha yake ilikuwa Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo wa Juni.

Sasa fuata uzi. Toleo la 11, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini anamjia Wali juu. Mwaka 1965, toleo la 18, Chinua Achebe anasema Kiingereza chaweza kuubeba mzigo wake, mradi kiwe Kiingereza kipya, kilichokubali kufinyangwa na Mwafrika. Miaka inapita. Mwaka 1986 Ngũgĩ, aliyekwisha kuhamia lugha ya Kikuyu katika kuandika riwaya, anamrudia Wali na kumpa haki yake. Hata leo mtu akisimama kuuliza kwa nini Kiswahili kisiwe lugha ya kwanza ya mwandishi wetu, anaendeleza zile kurasa 3, ajue asijue. Hapo ndipo ushawishi wa jarida unapoonekana, na hesabu ya mauzo isingekuonyesha.

Kwenye siasa moto ulikuwa mkali zaidi. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika mwaka 1966 akimfananisha Kwame Nkrumah wa Ghana na Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, na mfalme wa Urusi kwa pamoja, wakati Nkrumah ametoka tu kupinduliwa. Mwaka uliofuata akawageukia wasomi waliolewa mapenzi ya Tanzania ya Nyerere. Ugonjwa huo akaupa jina, Tanzaphilia. Mwaka huohuo Paul Theroux, mwandishi Mmarekani, akawaona wazungu waliokuja kufanya kazi Afrika kuwa ni akina Tarzan, yule mzungu wa hadithi anayejifanya bwana wa msitu wa Afrika. Barua zikamiminika. Wengine walimtukana, wengine walimpongeza, na mhariri alizichapa za pande zote.

Kuna doa ambalo haifai kulifunika. Jarida lilipata msaada wa fedha kutoka Congress for Cultural Freedom, taasisi yenye makao Paris. Mwaka 1966 na 1967 ikafichuka kwamba nyuma ya taasisi hiyo ilikuwapo CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Neogy alisema hakujua. Nionavyo, fedha hizo hazikumwandikia mtu makala, lakini anayelipa huwa amechagua nani apewe nafasi ya kusema, na msomaji wa leo ana haki ya kusoma akiwa na hilo kichwani. Wapo wasiolisamehe jarida hadi leo, nami sijaribu kuwabadilisha.

Mwaka 1968 iliponza barua. Mbunge Abu Mayanja alikuwa ameandika kuikosoa serikali ya Milton Obote, Neogy akaichapa. Oktoba wote wawili wakakamatwa, wakashtakiwa kwa uchochezi. Mahakama haikuwaona na hatia, lakini hawakwenda nyumbani: walirudishwa kizuizini. Neogy alitoka mwaka 1969, akaondoka Uganda, na jarida likaibukia Accra. Baadaye Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alishika uhariri, akalibadilisha jina likawa Ch'indaba, na mwaka 1976 likazimika. Wasomi Henry Louis Gates na Kwame Anthony Appiah walilifufua mwaka 1991 huko Marekani, na sasa liko chini ya Chuo Kikuu cha Harvard. Bado ni jarida zuri, ingawa ugomvi wa mtaa mmoja ukihamishiwa ng'ambo hubadilika sauti.

Mtafiti anayetaka kulisoma namshauri jambo dogo. Siku hizi makala nyingi hupatikana mojamoja kwenye kompyuta, zimekatwa kutoka toleo lake. Usiridhike nazo. Omba toleo zima, kisha mawili yanayofuata, upekue barua. Ya Wali utaimaliza kabla chai haijapoa. Majibu yake yatakuchukua mchana kutwa.