Kipandikizi cha jino kilichopakwa dawa: kinalinda nini, na kwa muda gani?

Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, swali hili hunifikia kliniki hapa Mtwara karibu kila wiki. Mtu ameuza mzigo wake, pesa imeingia benki, na lile pengo la jino la mbele lililomkera miaka yote sasa linazibika. Ameperuzi kwenye simu akakuta tangazo la kipandikizi kinachoua bakteria, bei yake juu kuliko cha kawaida. "Dokta, si ndicho hicho cha kuweka? Wanasema hakiozi wala hakitungi usaha." Jibu langu fupi ni kwamba usiongeze hata shilingi kwa sababu hiyo peke yake. Jibu refu ndilo hili.

Kwanza, kipandikizi hakiozi, kiwe kimepakwa au hakikupakwa. Ni skrubu ya titaniamu inayofungwa ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake kinakaa kipande cha kati kinachopita kwenye fizi, na juu kabisa jino lenyewe la bandia. Mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aligundua katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa hukua ukaishika titaniamu kabisa. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno. Siri iko kwenye ngozi ya chuma chenyewe: titaniamu ikikutana na hewa hujivika tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache tu, na tabaka hilo mwili haulikatai. Kwa bahati mbaya, bakteria nao hawalikatai.

Kinachoharibika ni mfupa unaoshikilia skrubu. Dakika chache tu baada ya chuma kugusa mate, protini za mate hukifunika. Baada ya saa chache bakteria wa jamii ya streptokokasi wanakuwa wameshajishika hapo, na hao huwaandalia makazi wabaya zaidi wanaokuja baadaye, kama Porphyromonas gingivalis, anayestawi mahali pasipo na oksijeni. Wakishajenga utando wao mzito, vidonge vya antibiotiki haviwafikii ipasavyo. Mwili unapopambana nao fizi huvimba, na mfupa huliwa katika vita hiyo. Mwaka 1987 Anthony Gristina, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Marekani, aliyaeleza haya kama mbio: seli za mwili na bakteria wanashindana nani aukamate kwanza uso wa kipandikizi. Mipako yote mnayoiona kwenye matangazo imebuniwa ili bakteria wachelewe kwenye mbio hizo.

Mipako hiyo ni ya namna mbili kubwa. Ya kwanza hutoa dawa polepole. Wapo wanaotumia madini ya fedha, ambayo ayoni zake, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, hutoboa utando wa bakteria na kuvuruga protini zake. Wapo wanaotumia zinki, shaba, klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) au antibiotiki yenyewe. Kwa mifupa ya miguu iliyovunjika, vyuma vilivyopakwa antibiotiki ya jentamisini vimeshatumika hospitalini. Wengine huipitisha titaniamu kwenye umeme ndani ya kimiminika chenye floridi mpaka uso wake uote vijibomba vya upana wa makumi ya nanomita, halafu dawa hujazwa humo. Namna ya pili haitoi kitu. Yenyewe huua bakteria anayeigusa, kwa mfano kwa kaitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, haya haya tunayoyatupa kila siku.

Namna ya kwanza ina shida ambayo watu wa pwani hamhitaji kufundishwa. Jahazi hupakwa deheni chini ili wadudu wasitoboe mbao, lakini deheni huisha, na jahazi hupandishwa pwani likapakwa upya. Skrubu iliyokwisha kushikwa na mfupa haitolewi ikapakwe upya. Dawa nyingi humwagika siku za mwanzo, kisha hubaki kidogo kidogo, na kiasi hicho kidogo cha antibiotiki kisichotosha kuua ndicho kinachowafundisha bakteria usugu. Namna ya pili nayo hufunikwa na yale yale mate niliyoyataja, pamoja na mizoga ya bakteria waliokufa mwanzo. Wa nyuma wanajishika juu ya mizoga, na mpako hauwagusi tena.

Sasa mtaniuliza, mbona kwenye tangazo kuna karatasi ya maabara? Ipo, na mara nyingi haidanganyi. Kipimo maarufu, ISO 22196, huweka bakteria juu ya kipande cha bidhaa kwa saa 24 kwenye joto la nyuzi 35, kisha huhesabu waliobaki. Hamna mate, hamna fizi, hamna mtu anayekula muhogo na kulala bila kupiga mswaki. Kuua bakteria maabara ni kazi rahisi mno. Asidi ya anakadiki, iliyomo kwenye mafuta ya ganda la korosho, huzuia bakteria wa kutoboa meno kwenye vipimo vya maabara, lakini waulizeni akina mama wanaobangua kwa mkono mafuta hayo yanavyowaunguza vidole. Kazi ngumu ni kuua bakteria bila kuua seli za mfupa zilizo pembeni yake. Madini ya fedha yakizidi kipimo yanaua vyote viwili.

Siidharau kazi hii. Katika wiki za mwanzo, kidonda kikiwa kibichi na mfupa bado haujashika, kizuizi cha siku chache kina thamani, hasa kwa mwenye kisukari. Ila wagonjwa ninaowaona na usaha wengi wao hawakuharibikiwa wiki ya kwanza. Wameharibikiwa baada ya miaka, na pale juu, kwenye shingo ya kipandikizi, yaani mahali kinapopita kwenye fizi.

Shingo hiyo ndiyo ningetaka mnunuzi aijue. Kwenye jino la asili, nyuzi za fizi zimejichomeka ndani ya mzizi. Kwenye titaniamu nyuzi hizo hulala sambamba na chuma, zimekikumbatia tu. Mlango huo dhaifu haufungwi na mpako ulioko chini mfupani. Unachohitaji ni shingo laini: utafiti umeonyesha kwamba ukwaruzo ukishuka hadi mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kulainisha zaidi hakupunguzi tena bakteria. Chini mfupani tunataka kinyume chake, ukwaruzo wa mikromita 1 hadi 2, ili mfupa ushike.

Mama mmoja wa Newala alikuja na kipandikizi alichowekewa mbali na huku, fizi imekuwa nyekundu ya zambarau. Niliingiza kipimo taratibu pembeni ya jino, kikazama milimita 7, damu ikafuata, halafu usaha. Eksirei ilionyesha mfupa umeliwa kama faneli kuzunguka skrubu. Nilipokwangua chini ya fizi, zilitoka chembe ngumu za saruji ya kugundishia jino, zilizosahaulika humo. Juu ya chembe hizo bakteria wamejenga mji wao, na mpako wowote ungekuwa umefunikwa.

Kwa hiyo, kabla hamjapanda basi la Dar kufuata kipandikizi, mwulizeni daktari kama jino la bandia litafungwa juu ya kipandikizi kwa skrubu nyingine ndogo au kwa saruji. Mimi napendelea skrubu, kwa sababu hulegezwa likasafishwa. Mwulizeni shingo ni laini kiasi gani na nani atawasafishia kila baada ya miezi 6, maana kilomita zaidi ya 500 si za kwenda kukwanguliwa ugaga. Mwenye fizi zinazotoka damu aje atibiwe kwanza, na anayevuta sigara tuzungumze kabla hajalipa. Halafu ombeni kadi yenye jina la kampuni na vipimo vya kipandikizi, mwipige picha kwenye simu. Kampuni nyingi zina bisibisi zao, na bila kadi hiyo nabaki kubahatisha kwa eksirei.