Wota pampu ya Massey 135 inavuja: uitengeneze au ununue mpya?

Msimu wa kulima ukikaribia hili swali ndo linanijia zaidi ya yote, fundi pampu ya maji inavuja, tuitengeneze hii hii au ninunue nyingine? Wengi wanategemea nitaanza na bei. Mimi bei naiangalia mwisho kabisa, cha kwanza naangalia hauzingi, yaani lile bodi la chuma lenyewe, kwa sababu beringi, sili (kizuizi cha maji kwenye shafti), shafti na impela (kile kipanga cha ndani kinachosukuma maji) vyote vinabadilishika, ila bodi likishaliwa na kutu hakuna repea kiti (seti ya vipuri vya kuitengenezea) itakayokuokoa.

Hapa naongelea hasa trekta za Massey Ferguson, MF 135 na 240 zenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu, maana ndo zimejaa huku kwetu Manyara hadi Karatu. MF 135 ilianza kutoka kiwandani 1964, kwa hiyo hivi ni vyuma vizee. Ukiwa na Ford 5000 vipimo ni vingine lakini namna ya kuamua ni hii hii.

Ila kabla ya yote, una uhakika mbaya ni pampu? Trekta kuchemsha ina sababu nyingi, rejeta imejaa makapi na mbegu za majani kwa nje au imeganda magamba ya chumvi kwa ndani, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) haifunguki, mkanda wa feni umelegea, au mfuniko wa rejeta umekufa. Huo mfuniko watu wanaudharau sana. Ukiwa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari kama Karatu, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, sasa mfuniko usipobana unachemsha mapema na lawama zote anabebeshwa pampu.

Pampu yenyewe ikiwa mbovu inajitaja. Inama uangalie chini ya hauzingi, kuna kitundu kidogo kati ya sili na beringi. Kimewekwa makusudi, sili ikichoka maji yatokee hapo yadondoke chini yasiingie kwenye beringi. Ukiona tone, au alama ya ukoko mweupe au wa kutu umeteremka kutoka pale, sili imekwisha. Sasa kuna watu wanaziba hicho kitundu, anachomeka kijiti au anapaka silikoni, eti pampu imepona. Jamani msifanye hivyo, tafadhali sana! Maji yanakosa pa kutokea yanaingia kwenye beringi, yanaosha grisi yote, beringi inasambaratika na feni iliyofungwa kwenye hiyo hiyo shafti inaenda kukata rejeta. Umeokoa sili moja ukapoteza rejeta, na kama dereva hakuwahi kuzima basi na silinda hedi nayo.

Beringi unaipima injini ikiwa imezimwa. Shika panga mbili za feni zinazotazamana, sukuma moja vuta nyingine. Ukisikia inagonga hata kidogo, hiyo ina pleyi, yaani imelegea, na haina muda mrefu. Halafu ipo shida moja inasumbua mafundi wengi, impela imelegea kwenye shafti, nje hakuna tone hata moja, mkanda unazunguka, feni inapuliza, lakini maji hayatembei kwa sababu shafti inazunguka peke yake. Iwashe injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi, subiri themostati ifunguke halafu chungulia. Maji yametulia tuli na hozi ya chini bado ya baridi wakati hedi inaungua? Kama themostati ni nzima na rejeta haijaziba, basi fungua pampu uone.

Ukishaishusha na kuikongoa ndo uamuzi unapatikana. Chukua msumari, kwangua ndani kwenye njia ya maji. Chuma kizima kinakwaruza tu na kung'aa, kilicholiwa kinatoa unga mweusi na msumari unazama. Hicho kiache. Angalia na pale sili inapokaa, pawe laini, pasiwe na mashimo ya kutu, kwa sababu ukiweka sili mpya juu ya mashimo maji yatapita kwa nje yake na utailaumu sili bure. Mwisho tundu la beringi. Beringi mpya inatakiwa iingie kwa kubanwa na presi (mashine ya kusukumia kwa nguvu), ikizama kwa kidole hilo tundu limekwisha. Hapa utakutana na kazi za watu, wamepiga alama za senta panchi kuzunguka tundu lote ili beringi ishike. Itashika kidogo tu, mtetemo wa kulima ukianza inalegea tena.

Bodi likipita hayo yote mimi naitengeneza bila kusita, maana chuma cha zamani ni kinene, puli yake iko kwenye mstari sahihi wa mkanda, na repea kiti mara nyingi ni nafuu kuliko pampu nzima. Lakini kwa sharti, awepo mtu mwenye presi. Beringi haiingizwi kwa nyundo chini ya mti, ukigonga shafti zile gololi zinachimba vishimo kwenye njia zake na ndani ya muda mfupi inaanza kulia. Unapasha hauzingi kwenye maji ya moto, unasukuma kwa kubana ringi ya nje ya beringi na siyo shafti. Nyuso mbili za sili usizishike na vidole vya grisi. Impela ukiibana pima nafasi kati yake na bodi kwa filageji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kama kitabu cha injini kinavyosema, ikigusa itajila yenyewe, ikiwa mbali sana haisukumi maji vizuri. Kama presi hakuna karibu, nunua mpya, na hapo sibishani.

Mpya nazo siyo sawa. Zinazotoka Pakistan na India usizibeze kwa sababu tu ya nchi, Millat kule Lahore na TAFE kule Chennai wanatengeneza trekta za Massey, kwa hiyo vipo viwanda huko vinavyoijua hii kazi. Kuna na feki pia. Nenda dukani na pampu yako ya zamani mkononi, ziweke mezani pamoja, linganisha urefu kutoka uso wa gasketi hadi flanji ya puli, yaani pale puli inapofungwa. Ikizidi milimita kadhaa mkanda utakwenda upande na feni itasogelea rejeta. Zungusha kwa mkono, isikwame wala kukwaruza.

Na kama trekta inahitajika shambani kesho mvua zimeshatanda, nunua mpya ufunge ulime, lakini ile ya zamani usimpe mtu wa skrepa! Kama bodi ni zima itengeneze taratibu ukishamaliza msimu, uipake mafuta uihifadhi stoo.

Kwenye kufunga, mkanda usiukaze kama waya wa gitaa, ukiubonyeza katikati kwa dole gumba uzame sentimita moja na nusu hivi, mkanda uliokazwa kupita kiasi ndo unaua beringi. Maji ya kisima yenye chumvi acha, tia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji safi, ya mvua ni mazuri sana. Huku hakuna barafu ndiyo, ila kulanti inazuia kutu na kutu ndo inakula bodi. Matone machache siku ya kwanza yasikutishe, sili inajikalisha. Yakiendelea mpaka siku ya tatu ishushe irudi mezani.