Saa Sita za Kwanza za Mtoto Aliyekosa Hewa Wakati wa Kuzaliwa

Mama anapoambiwa kwamba mtoto wake "amezaliwa amechoka", kisha baada ya saa moja akamwona anapumua mwenyewe na rangi imerejea, huamini kuwa hatari imekwisha. Ndiyo maana familia nyingi hushangaa, na nyingine kukasirika, mtoto huyo anapozuiwa wodini kwa siku kadhaa. Sababu ya kumzuia imo katika kemia ya ubongo wake.

Ubongo hauna akiba kubwa ya nishati. Kondo la nyuma linapoachia kabla ya wakati, kitovu kinapobanwa, au uchungu pingamizi unapodumu bila msaada, damu yenye oksijeni hupungua na seli hulazimika kutengeneza nishati bila oksijeni, njia inayotoa nishati kidogo sana na kulimbikiza asidi ya laktiki. Pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli husimama, maji huingia, seli huvimba. Wakati huohuo glutamati, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari, humwagika kwa wingi na kufungua milango ya kalsiamu, na kalsiamu ikizidi huamsha vimeng'enya vinavyoimeng'enya seli kutoka ndani.

Mtoto akisaidiwa kupumua, nishati hurudi karibu na kiwango cha kawaida, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Katika miaka ya 1980, Osmund Reynolds na wenzake wa University College London walipima fosfeti za nishati, yaani kemikali zinazobeba nishati, ndani ya ubongo wa watoto wachanga bila kuwachoma wala kuwapasua. Waliona kuwa baadhi ya watoto waliokuwa na vipimo vizuri saa chache baada ya kuzaliwa walishuka tena siku iliyofuata au ya tatu, kwa sababu mitokondria zilizojeruhiwa, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zilikuwa zinashindwa kazi, na walioporomoka zaidi ndio waliofariki au kubaki na ulemavu mkubwa. Ni katika wimbi hili la pili ambapo degedege hutokea mara nyingi, na kwa mtoto mchanga hujificha: huchezesha midomo, hukodoa macho upande mmoja, hupiga miguu kama anayeendesha baiskeli, au huacha kupumua kwa muda.

Kati ya mawimbi hayo mawili kuna kipindi cha takriban saa sita ambacho tiba inaweza kukitumia. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005 na 2009, mengi yakiwa ya nchi tajiri, yalionyesha kuwa kupoza mwili wa mtoto hadi nyuzi joto 33.5 hivi kwa saa 72 hupunguza vifo na ulemavu. Hata hivyo, utafiti wa HELIX wa mwaka 2021, uliohusisha watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, haukupata faida hiyo. Waliofariki walikuwa asilimia 42 miongoni mwa waliopozwa na asilimia 31 miongoni mwa wasiopozwa. Kwa hiyo tunasisitiza kwa nguvu zote: kummwagia mtoto maji baridi ili alie si tiba, na ni hatari. Joto kupita kiasi nalo huongeza madhara.

Kuhusu kutabiri hali ya baadaye, MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku, yenye uwezo wa kusoma kemikali huonyesha vitu viwili muhimu: laktati (ile ya asidi ya laktiki) iliyobaki juu, na upungufu wa N-asetilaspateti, kemikali iliyomo hasa ndani ya seli za neva, ambayo hupungua seli hizo zinapokufa. Utafiti wa mwaka 2019 wa watoto waliopozwa Uingereza na Marekani ulionyesha kuwa kiwango cha N-asetilaspateti katika thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, kilitabiri vizuri hali ya mtoto akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Mashine hizo ni chache kwetu, lakini uchunguzi wa kitandani kwa ngazi za Sarnat za mwaka 1976, zinazogawa athari za ubongo kuwa ndogo, za kati na kali, bado unaeleza mengi. Wenye athari ndogo wengi hukua vizuri, wa kati hutofautiana sana, na wenye athari kali ndio walio katika hatari kubwa ya kifo au mtindio wa ubongo.

Kinga yenye nguvu kuliko zote ni dakika ya kwanza. Nchini Tanzania, mafunzo ya wakunga ya kukausha, kusisimua na kupuliza hewa kwa mfuko na kinyago katika hospitali nane, yaliyoripotiwa mwaka 2013, yaliambatana na kupungua kwa vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 47.

Baada ya kuruhusiwa, mtoto huyu asikose kliniki hata kama ananyonya vizuri. Shingo isiyokaza akiwa na miezi minne, ngumi zisizofunguka, miguu inayokakamaa, au kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka ni sababu ya kumwona daktari na mtaalamu wa viungo mara moja, kwa kuwa mazoezi huanza kusaidia mapema zaidi kuliko wazazi wengi wanavyodhani.