Heringi mchanga na majira yake ya baridi ya kwanza

Heringi ni jamaa wa dagaa papa tunaowajua pwani yetu, ila yeye ni samaki wa bahari za baridi. Huko Alaska, katika ghuba ya Prince William Sound, heringi waliporomoka mwaka 1993, miaka minne baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta. Uvuvi ukafungwa, ukafunguliwa kwa muda mfupi mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ukafungwa tena kwa zaidi ya miaka 20. Kama chanzo kilikuwa mafuta, ugonjwa au njaa, wataalamu bado wanabishana. Lakini wazazi wachache hawawezi kuongezeka iwapo watoto hawakui, kwa hiyo utafiti mwingi umeelekezwa kwa wachanga.

Jike hutaga mayai yapatayo 20,000 kwenye nyasi bahari na mwani wa ufukweni, na maji yakipwa ndege huyala. Baada ya wiki mbili au tatu huanguliwa lava mwembamba kama uzi, mwili mwangavu, asiyefika hata sentimita moja. Mkondo humpeleka unakotaka. Akifikisha sentimita tatu hivi huota magamba ya fedha, hujiunga na kundi na kuingia ndani kabisa ya hori tulivu, ambako anaweza kukaa hadi miaka miwili.

Mtihani mkubwa huja wakati wa baridi. Mchana hufupika, planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini ambavyo ndivyo chakula chake, hupungua, na samaki huishi kwa mafuta aliyojiwekea tangu kiangazi. Mdogo ndiye anayeishiwa mapema, kwa sababu akiba yake ni haba na kila gramu ya mwili wake hutumia nishati haraka kuliko ya mkubwa.

Watafiti huvua wachanga mwezi Novemba na tena Machi, huwapima urefu na uzito, kisha huwakausha, huwasaga na kupima nishati iliyomo katika kila gramu. Hapa inabidi tuwe waangalifu sana. Tuseme samaki wa Machi wana wastani mkubwa wa urefu kuliko wa Novemba. Wamekua? Huenda hata milimita moja hawakuongeza. Wafupi walikufa, wakabaki warefu. Wastani peke yake hauwezi kutofautisha ukuaji na vifo.

Ndiyo maana tunafungua kichwa. Ndani ya sikio la samaki mna kijiwe kidogo cha chokaa ambacho huongezeka pete kwa pete, kwa kawaida moja kila siku akiwa mdogo. Kikisuguliwa mpaka kikawa chembamba na kuwekwa chini ya hadubini, pete hizo huonyesha kasi aliyokua nayo akiwa mdogo. Tukilinganisha vijiwe vya Novemba na vya walionusurika hadi Machi, tunajua kama wenye mwanzo wa polepole wametoweka. Tahadhari ni moja: lava anayekua taratibu mno anaweza asiweke pete kila siku, hivyo umri wake huhesabiwa pungufu.

Hori nazo hazifanani. Zimo zenye chakula mpaka vuli, na zimo ambako chewa na nyangumi huwasubiri. Kwa hiyo sampuli ya hori moja haitoshi kuisemea ghuba nzima. Heringi hukomaa akiwa na miaka mitatu au minne, na anayekadiria wazazi wa wakati huo anahitaji vipimo vya hori kadhaa, kila Novemba na kila Machi, bila kuruka mwaka.